Upande wa Bouazza Kwenye Sinia la Ijumaa

RISALA YA WANAFUNZI WA BWENI LA AIN TAGOURT, AMBAO NDIO WAOKOTA MIPIRA NA KIKOSI CHA VIJANA CHA KLABU YA SHABAB, KWA MGENI RASMI, BWANA BOUAZZA ZEROUAL, SIKU YA KUWASHA TAA MPYA ZA UWANJA

Mgeni rasmi, Bwana Bouazza Zeroual. Mwenyekiti wa klabu. Wazee wetu na walimu wetu. Na mbuzi wa jirani yetu, Si Kaddour, ambaye tumeshindwa kumtoa kwenye eneo la penalti: amani iwe juu yenu nyote.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, tunakukaribisha nyumbani. Tunajua ulikubali kuja kwa sharti moja, kwamba uwashe taa ulizotuletea, upige picha, kisha gari likurudishe Casablanca, kwenye ndege, kabla ya alasiri. Tunajua pia kwamba taa zinawashwa saa saba mchana, jua likiwa utosini, kwa hiyo hakuna atakayejua kama zimewaka. Hilo halitusumbui. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi tunaye mwenyeji anayehitaji kupona.

Dereva wako asiwe na wasiwasi. Tumemkaribisha chai ya mnanaa kule kwenye ofisi ya klabu, na chai yetu haiishi upesi.

HISTORIA

Klabu yetu ilizaliwa kwenye lango la kiwanda cha sukari, kwa watu waliokuwa wakipakua viazisukari kutoka kwenye malori. Mmoja wao aliitwa Lmekki. Leo mji mzima unamwita Ba Lmekki, yaani baba, hata waliomzidi umri. Alikuwa kocha wa kwanza, na kwa muda mrefu hakukuwa na mwingine.

Jezi za mwanzo zilikuwa nyeupe. Mkewe, Lalla Hadda, wakati huo bibi harusi mpya, alizifua usiku wa kuamkia mechi ndani ya beseni moja na kitambaa chake chekundu cha harusi. Asubuhi zilitoka za waridi. Timu ya milimani ilipoziona ikacheka hadi ikakaa chini, ikawaita wachezaji wetu mabibi harusi. Mabibi harusi wakafunga mabao manne. Tangu siku hiyo hakuna mwenyekiti aliyethubutu kubadilisha rangi. Mmoja alijaribu, na Lalla Hadda akamwuliza mbele ya watu, "Wewe umefunga mangapi?"

Mgeni rasmi, sehemu inayofuata unaijua kuliko sisi, ila wewe unaijua kwa upande mmoja tu.

Ba Lmekki alikuokota kwenye lango lile la kiwanda ukipiga viazisukari vilivyodondoka. Akakupa viatu vyake. Kila Ijumaa baada ya sala aliiita timu nzima nyumbani kwake, nyumba iliyo nyuma ya goli la kusini, wakala kuskusi kwenye sinia moja, na wewe ukikaa upande unaotazama mlango, kwa sababu ulikuwa mdogo na ulitumwa maji. Kutoka kwenye sinia hilo Shabab ilipanda hadi ligi ya kulipwa. Wazee wanasema siku ile waoka mikate hawakuwasha tanuri, na watu walikula zeituni tupu bila kulalamika.

Kisha ikaja ile mechi ya mwisho. Tulihitaji sare tu. Tulikuwa nyuma kwa bao moja, tukapata penalti, ukaenda wewe. Mpira ukapita juu ya mtambaa wa panya, ukapita juu ya ukuta, ukaangukia kwenye lori la viazisukari ukapelekwa kiwandani. Ndivyo wanavyosema. Kuna wanaoamini kwamba uliingia kwenye mashine, na kwamba mji huu uliunywa mpira ule ndani ya chai.

Tukashuka daraja. Wewe ukatoka kwa mlango wa nyuma wa uwanja, jezi ya waridi bado mwilini, ukapanda basi. Ba Lmekki alimtuma mtu Casablanca akutafute. Alipofika, ulikuwa umeshavuka bahari. Tangu hapo viatu vya vijana vimekuja kutoka kwako, mipira imekuja, sasa zimekuja taa. Kila kitu kimekuja isipokuwa wewe.

MAFANIKIO

Klabu haijarudi ligi ya kulipwa, lakini mafanikio tunayo.

La kwanza, jina lako linaishi. Hapa mtu akimrushia paka kiatu akamkosa, tunasema amempigia Bouazza. Mwalimu wetu wa hisabati akikosea ubaoni, bweni zima hunong'ona, "Bouazza." Tulipoambiwa kwamba mgeni rasmi ni Bouazza mwenyewe, wadogo wetu walishangaa kwamba ana miguu, mke na suti. Tunakuomba ulipokee hili kama heshima. Hakuna rais wa klabu ambaye jina lake linatajwa mara nyingi hivyo, na kwa kicheko.

La pili ni kubwa zaidi. Sinia la Ijumaa halijakoma. Timu zilipanda na kushuka, wachezaji waliondoka, kiwanda kikapunguza watu, lakini kila Ijumaa Ba Lmekki huita kikosi cha vijana, yaani sisi tunaokula dengu za bweni siku sita. Lalla Hadda hutukaribisha kwa maneno yake yale yale, kwamba tunakula kama watu wanaohama.

Mwaka jana alikuja mwenzetu mpya, Zouhair, beki wa kushoto, kutoka vijiji vya juu. Hakuwa ameambiwa kitu. Akakaa upande unaotazama mlango, akachimba kuskusi, akafika kwenye nyama, akaila. Sisi tukaacha kutafuna wote. Hata Lalla Hadda akasimama na birika mkononi. Kwa sababu upande ule, mgeni rasmi, hauguswi. Sote tunachimba kutoka kwenye pande zetu hadi tunabakiza kilima kidogo mbele ya nafasi isiyo na mtu, kikiwa na nyama juu yake na malenge pembeni. Tukimaliza, Lalla Hadda anakifunika na kumpelekea mlinzi wa msikiti. Ijumaa inayofuata, kilima kinarudi.

Zouhair alipotambua, aliondoa mkono kwenye sinia. Ba Lmekki akamtazama, akamsukumia mkate.

"Kula, mwanangu," alisema. "Lakini siku nyingine mwachie nyama. Anatoka mbali, atakuja na njaa."

Tulicheka, kwa sababu tulidhani anatania. Yeye hakucheka.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto ni nyingi. Nyavu za goli la kaskazini zina tundu ambalo mpira hupitia, na mwamuzi hulazimika kuuliza mashabiki kama ni bao. Mbuzi umemwona.

Changamoto kuu ni hii. Tangu baridi ilipoingia, miguu ya Ba Lmekki imegoma. Hawezi kufika uwanjani, ingawa ni hatua chache kutoka mlangoni kwake. Tumemwekea godoro karibu na dirisha lililo nyuma ya goli la kusini, na kila mechi mmoja wetu hukaa pale kumwambia nani ana mpira, kwa kuwa macho yake hayafiki mbali. Hatumdanganyi, hata tukifungwa. Tulijaribu mara moja, akasema kelele za mashabiki zinasema vingine. Mwezi huu daktari ameacha kumkataza chumvi, na sisi si wajinga.

Wiki iliyopita, alipopata habari kwamba unakuja kuwasha taa, alituita. Zouhair, ambaye hana breki mdomoni, akamwuliza kama bado ana hasira na mtu aliyeishusha timu. Jibu lake ndilo lililotufanya tuichane risala ya kwanza na kuandika hii.

"Hasira ya nini? Mguu wake ulikuwa umevimba," alisema. "Aliniambia, 'Ba, mguu hauniitikii.' Nikamwambia apige tu. Mkwaju ule niliukosa mimi. Yeye alitumwa tu, kama alivyokuwa akitumwa maji."

Mgeni rasmi, mji mzima haukujua hilo. Na wewe, tunavyodhani, hukujua kwamba lawama amejitwika yeye.

MAOMBI

Mwenyekiti alitupa maombi ya kusoma, na sisi ni watoto wenye adabu, kwa hiyo tunayasoma: tunaomba nyavu, nyasi, na basi dogo. Tumeshayasoma.

Ombi letu wenyewe ni moja. Ratiba inasema baada ya hapa unakwenda ukumbini kula kondoo wa kuokwa pamoja na wakubwa. Kondoo huyo tumemwona asubuhi. Hana haraka yoyote.

Tunaomba utoke kwa mlango wa nyuma. Ni ule ule uliotokea siku ile, ila leo upinde kushoto badala ya kwenda kwenye basi. Mlango wa nyumba ya Ba Lmekki ni wa waridi, tuliupaka sisi na rangi ilituishia chini, kwa hiyo usishangae. Lalla Hadda ametukataza kukuambia. Amesema, "Msimlazimishe mwana wa watu. Akija, amekuja." Lakini amepika tangu alfajiri, na ameweka zabibu na vitunguu juu, ambavyo Ba Lmekki hali, na sisi hatukuwahi kuwekewa. Tumeuliza ni nani anayevipenda. Ametufukuza jikoni.

Naye mzee leo ameomba anyolewe. Ameomba avishwe koti lake la ligi ya kulipwa, ambalo sasa linamtosha mara mbili. Amesema ni kwa heshima ya taa. Ami Bouazza, tusamehe kuacha kukuita mgeni rasmi, lakini dirisha lake halitazami taa. Linatazama goli la kusini, na njia inayotoka kwenye mlango wa nyuma.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wewe ulicheza kwenu ukaondoka kabla ya kutunzwa. Tuzo lako limekuwa likipikwa kila Ijumaa, na kila Ijumaa limepelekwa kwa mlinzi wa msikiti, ambaye amenenepa na anakuombea dua bila kukujua.

HITIMISHO

Mungu akulipe kwa kila kiatu na kila mpira. Akupe miguu inayokuitikia. Amzidishie Ba Lmekki siku, na kama ni chache, aweke ndani yake watu anaowangoja. Amlinde Lalla Hadda na beseni lake. Aipandishe Shabab, polepole, tusije tukapata kizunguzungu.

Kwa kawaida risala ikiisha mgeni rasmi hupigiwa makofi. Leo tumezuia makofi, kwa sababu Zouhair anakuja mbele yako amebeba beseni, birika na taulo, na mikono yake imejaa. Nyoosha mikono yako, Ami, akunawishe. Maji yana uvuguvugu, na upande wako haujaguswa.

Ni sisi watoto wako usiowajua,
Wanafunzi wa Bweni la Ain Tagourt,
Waokota Mipira wa Goli la Kusini.