Mwenye Ukurasa wa Kumi na Moja Anatuaga

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni, mwandishi wa hadithi yetu ya Jumamosi atafunga droo yake, atachukua fimbo yake nyeupe nyuma ya mlango na kuliaga gazeti hili baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Anastaafu kwa umri, si kwa macho. Ameagiza hilo liandikwe katika aya ya kwanza ya wasifu huu wa jarida letu la wafanyakazi, kwa sababu anawajua watu wa jengo hili: wakisikia nusu ya habari, nusu ya pili wanaitunga wenyewe.

Wengi wenu hamlijui jina lake la kwenye faili, na leo si siku ya kulifichua. Hapa anaitwa Shangazi. Alipewa jina hilo na mlinzi wa getini katika mwaka wake wa kwanza, kwa kuwa ana ile haki ya mashangazi ya kukusema mbele za watu na wewe ukaondoka ukishukuru. Mimi ni msomaji prufu wake kwa miaka ishirini na miwili. Kazi yangu ni kuupitia ukurasa kabla haujaenda mtamboni, kuondoa makosa na kupunguza maneno yanayozidi nafasi. Yeye huniita Mkasi, na sijawahi kusikia upendo katika jina hilo.

Aliingia kama karani wa matangazo madogo. Alipokea watu wanaouza makabati na wanaotafuta paka waliopotea, na alikuwa na tabia mbaya ya kuyatia matangazo yao chumvi. Mtu akileta "kabati linauzwa", asubuhi analikuta gazetini kuwa ni kabati lililotunza siri za familia moja kwa miaka ishirini bila kulia bawaba. Makabati yalipata wanunuzi upesi na malalamiko nayo yalikuja upesi vilevile. Mkuu wake wa wakati huo alimwita mara tatu kumkanya.

Kilichomwokoa ni ugomvi wa watu wengine. Katika mwaka wake wa nne, Ijumaa moja asubuhi, mwandishi wa hadithi alikorofishana na mhariri mkuu na kuondoka na sura ya wiki ile mfukoni. Ukurasa wa kumi na moja ukabaki mweupe. Mhariri mkuu akatokea ukumbini akiuliza nani anaweza kuandika maneno mia tisa kabla ya saa tisa. Shangazi alikuwa anakula mkate kwenye dawati lake. Akajifuta makombo, akasema, "Mimi, ila asinikanye mtu." Akaandika habari za fundi cherehani mmoja aliyehamia katika nyumba ya wapangaji akiwa na cherehani yake, kiti kimoja na utepe shingoni, akaanza kuwapima majirani kwa macho tu. Jumatatu barua zilianza kuingia. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na saba sasa, ukurasa ule haujapata mwenyewe mwingine, na katika hadithi zote alizoandika, yule Fundi alikuwa akipita akishona, akisikiliza umbea na kuwapatanisha watu.

Macho yalianza kumsaliti miaka kumi na tisa iliyopita, na aliificha habari hiyo kwa ustadi ambao laiti angeutumia katika kuficha makosa ya prufu. Kwanza alipoteza pembeni. Mbele aliona vizuri, lakini mtu akija kutoka upande alikuwa kama ametokea ukutani. Akaanza kugonga madroo, akidai kwamba sisi ndio tunaoyaacha wazi. Kila asubuhi kwa wiki tatu aliitolea shikamoo stendi ya makoti iliyo nje ya ofisi ya mkurugenzi, kwa sababu koti na kofia ya mkurugenzi vilikuwa vimetundikwa pale. Kisa hiki anakisimulia mwenyewe. Huongeza kwamba stendi haikumjibu hata siku moja, na kwamba hilo halikumshangaza, kwani mkurugenzi naye alikuwa hivyohivyo.

Daktari wa macho alimweleza kwamba uoni wake utapungua kidogo kidogo mpaka abaki na mwanga tu, na kwamba hakuna dawa. Alituambia habari hiyo miezi minane baadaye, akiwa anakoroga chai, kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba lifti imeharibika. Mimi nikaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimekwisha kupangwa. Akanihurumia, akaniomba nimpelekee sukari.

Basi zikaanza mbinu. Alikuza herufi kwenye kompyuta yake mpaka kiwambo kizima kikawa kinaonyesha maneno manne. Siku moja akasahau kuzirudisha kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapa. Sura ya maneno mia tisa ikatoka kwenye karatasi mia mbili na kumi na nne, na mpangaji kurasa akaziokota sakafuni moja moja akidhani mgomo wa wafanyakazi umeandaliwa na haya ndiyo mabango. Mtunza stoo alifungia karatasi kabatini kwa mwezi mzima. Hadi leo akimsikia Shangazi anapita kwenye korido, hushika funguo zake.

Herufi kubwa zilipokuwa hazitoshi, Shangazi alianza kutamka hadithi zake, na karani mchapaji akawa anazipokea. Huyu karani tunamwita Bi Stara. Ni mwanamke mwadilifu, mchapaji hodari, asiyeweza kuandika kitu ambacho asingependa mama yake akisome. Shangazi hakulijua hilo. Wakati ule alikuwa akisimulia mapenzi ya muuguzi mmoja na fundi redio, na mapenzi yale, kama alivyoyatamka, yalikuwa na joto lake. Bi Stara alikuwa akisikiliza, akiona haya, na kuandika "wakapeana mikono".

Kwa wiki kumi na nne wapenzi wale walipeana mikono. Walipeana mikono sebuleni, walipeana mikono chini ya mwavuli, na katika sura iliyokuwa kilele cha mambo yote, mlango ulifungwa, taa ikazimwa, wakapeana mikono kwa muda mrefu. Mimi niliyasoma hayo yote katika prufu na sikuuliza. Nilidhani Shangazi amebadilisha mtindo. Ndipo ikaja barua ya msomaji mmoja, dereva mstaafu, na msichana wa mapokezi akamsomea Shangazi kwa sauti mbele yetu sote: "Mwandishi mpendwa, hawa wawili wanasalimiana tangu mwezi wa pili. Wiki hii tumeambiwa muuguzi ni mjamzito. Tafadhali fafanua."

Sisi tuliangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliomba asomewe kurasa zote kumi na nne, mstari kwa mstari, na zilipomalizika akawa analia. Ni mara ya pekee niliyomwona akilia kazini. Hakulilia macho. Alisema, "Jina langu liko juu, chini yake kuna maneno ya mtu mwingine, na mimi napita njiani watu wananipongeza." Alisema kama hajui kilichoandikwa chini ya jina lake, basi yeye si mwandishi tena, ni picha tu ya mwandishi. Jioni ile aliandika barua ya kujiuzulu, yaani alimtamkia Bi Stara aiandike. Bi Stara, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, aligoma. Akasema yeye ndiye aliyekosea na yeye ndiye ataondoka. Wakagombana nani aondoke, wakachoka, wakanywa chai.

Kutoka kwenye chai hiyo ndipo ilipozaliwa kanuni ya Jumatano, ambayo wafanyakazi wapya huikuta na kudhani ni agizo la serikali. Kila Jumatano saa tisa, ukurasa wa kumi na moja husomwa kwa sauti, neno kwa neno, na msomaji prufu, mbele ya mwandishi, kabla sahihi haijawekwa. Shangazi huketi na kijiko cha chai mkononi. Akigonga meza mara moja, rudia. Mara mbili, futa. Mara tatu maana yake ni: nani kaandika hivyo? Bi Stara aliwekewa sharti la kuhudhuria na kusikia kila busu kwa masikio yake. Alihudhuria akiwa amejifunika uso kwa faili, na katika miaka kumi na minne hajakosa Jumatano hata moja, hata wakati wa likizo yake.

Watu wa usambazaji wakaanza kuja kusikiliza, kisha mafundi wa mtambo, kisha mkurugenzi na koti lake. Baadaye tulipata kompyuta inayosema, ikawa inamsomea Shangazi rasimu zake kwa Kiswahili cha mgeni aliyeshuka jana uwanja wa ndege. Alijifunza kuiendesha kwa wiki mbili, akairudia kazi ya kuandika kwa vidole vyake mwenyewe na kumwachia Bi Stara barua tu. Lakini ukurasa uliopangwa na kupunguzwa kutoshea nafasi hakuwahi kuiachia mashine. Aliniachia mimi.

Chini ya kanuni hiyo ameandika sura zaidi ya mia saba, vitabu vitatu vimetokana nazo, na waandishi wanne vijana wamepita mikononi mwake, wote wakiwa na tabia ya kusoma kwa sauti mpaka majirani zao wanalalamika. Hayo ni mafanikio, na mkurugenzi atayataja kwenye hotuba. Mimi nina jambo jingine la kusema. Ninalisema hapa, kwenye maandishi, ambako nilidhani kijiko hakifiki.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, Shangazi aliamua Fundi afe. Aliandika sura ambamo Fundi anamaliza shati la harusi ya kijana wa jirani, anakata uzi kwa meno, anaweka kichwa juu ya cherehani na hakiinui tena. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimemzika baba yangu, ambaye alishona nguo maisha yake yote. Niliisoma sura ile Jumatano, yote, mbele ya watu, na kijiko hakikugonga. Kisha nikarudi mezani kwangu, na kabla ya kutia sahihi nikafuta maneno thelathini na tisa. Nikaandika kwamba Fundi alipatwa na kizunguzungu, jirani akaleta maji, akafumbua macho, akaulizia shati.

Mimi, niliyemwona Shangazi analia kwa ajili ya jambo hilihili, nililifanya tena. Bi Stara alifanya kwa haya. Mimi nilifanya nikijua.

Jumamosi gazeti likatoka. Jumatatu nilikuja kazini nikiwa na barua yangu ya kujiuzulu, safari hii imechapwa vizuri. Shangazi alinisalimu kama kawaida, na barua ikabaki mfukoni. Jumatano akaleta sura mpya ambamo Fundi yuko kitandani, anakunywa uji na kulalamikia sukari. Nikajiambia kuwa labda wasomaji wamempigia simu kushukuru na yeye ameona aache mambo yalivyo, au labda hajui kabisa. Sikuuliza, na nimekunywa chai yake kwa miaka kumi na mmoja nikiwa nimelificha jambo hilo.

Wasifu huu nao, kwa kuwa unamhusu yeye, ulipitia kanuni ya Jumatano. Wiki iliyopita nilimsomea. Aligonga mara mbili nilipofika mahali nilipoandika kwamba alishinda upofu. Akasema hakushindana na mtu, macho yalikwenda zao na yeye alikuwa na sura ya kumaliza, kwa hiyo sentensi hiyo hamuioni. Nilipofika kwa Fundi nilisoma nikiangalia kile kijiko. Kilibaki kwenye kisahani.

Nilipomaliza alisema alijua. Tangu ile habari ya kupeana mikono, binti yake humsomea ukurasa wa kumi na moja kila Jumamosi asubuhi, na siku ile alijua kabla hajamaliza kunywa chai. Nikamuuliza mbona alinyamaza. "Ulikuwa na msiba," akasema. "Nikaona nikuazime Fundi, ukae naye kidogo. Sikujua utakaa naye miaka kumi na mmoja." Kisha akaninyooshea mkono. "Sasa nirudishie."

Sura yake ya mwisho itatoka Jumamosi hii. Naomba msiwaambie wasomaji wa gazeti. Ni ileile ya zamani, maneno yaleyale, ambayo muda wote huu alikuwa ameyahifadhi kichwani. Nimeisoma prufu jana, kwa sauti, Bi Stara akiwa ameishikilia meza kwa mikono yote miwili. Fundi anakata uzi, anaweka kichwa chini, na hakiinui. Nimetia sahihi bila kugusa neno.

Shangazi, kwa niaba ya wote wa jengo hili tunakushukuru kwa kila Jumamosi uliyotupa. Uende ukaishi maisha mema na marefu, upendavyo wewe, yasipite tena mezani kwa Mkasi.