Pazia la Saa Moja: Maisha ya Baba Yetu, Fundi Vitasa (1938–2024)

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni binti yake wa kwanza, na nimeombwa niwasomee habari za marehemu baba yetu bila kutia chumvi. Nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1938, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa mpiga kengele wa stesheni hiyo. Alisoma hadi darasa la saba. Huko shuleni alifungua kabati la mwalimu mkuu kwa waya wa mwavuli, akachapwa, kisha akaitwa tena wiki iliyofuata mwalimu alipopoteza ufunguo.

Kuanzia 1956 alijifunza ufundi wa vitasa, na mwaka 1961 akafungua kibanda chake mkabala na posta. Alifanya kazi hapo miaka arobaini na minne. Mama yetu alikuja kibandani mwaka 1963, amejifungia nje. Kitasa cha kufunguliwa kwa dakika mbili kilimchukua marehemu tangu asubuhi hadi alasiri. Walifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1964, wakajaliwa watoto wanne.

Mama alifariki mwaka 2011, na marehemu akabaki peke yake. Sisi watoto tuliishi roho juu. Mwaka 2016 alipatikana na presha, na daktari akatuambia wazee wanaokaa peke yao huondoka mapema. Nilichoogopa mimi ni kimoja tu: baba afe mlango umefungwa, hakuna wa kumshika mkono. Nikamhamishia kwangu.

Alikaa siku arobaini na moja. Kwa kukosa kazi, alifungua vitasa vyote vya nyumba yangu ili avirekebishe. Kile cha bafuni alikirekebisha sana, akaenda kutembea, na mume wangu akakwama humo hadi adhuhuri. Kliniki, daktari alipima presha, akaguna.

"Imepanda. Mzee anakaa na nani siku hizi?"

"Na sisi, daktari. Tuko sita."

"Basi mrudisheni kwake."

Tulimrudisha kwa sharti moja. Ng'ambo ya barabara anaishi muuguzi mstaafu, ambaye mtaa mzima unamwita Sista. Kila siku saa moja asubuhi marehemu angefungua pazia jekundu la chumbani. Likifunguliwa, Sista anywe chai yake kwa raha. Lisipofunguliwa, aje mbio.

Julai 2018 marehemu alipitiwa na usingizi. Sista alikuja mbio, akafuatwa na seremala na nusu ya mtaa. Mlango ulikuwa na vitasa vinne alivyovibuni mwenyewe, na fundi pekee mjini aliyeviweza alikuwa ndani, anakoroma. Waling'oa dirisha. Marehemu akaamka, akamwona seremala anaingia kwa kichwa.

"Umepoteza nini humu?" akamuuliza.

"Tulidhani umekufa, mzee."

"Kwa hiyo mmekuja kuchukua dirisha?"

Siku hiyo alimchongea Sista ufunguo mmoja wa vitasa vyote vinne. Sisi wanawe hakuwahi kutupatia, na sitaficha kwamba nilinuna mwezi mzima.

Kwa miaka minane baada ya maneno ya daktari, ukiacha siku ile moja ya usingizi, pazia lilifunguliwa. Jumanne tarehe 14 Mei 2024 lilifunguliwa pia. Saa tatu Sista aliingia kwa ufunguo wake kumpima presha. Marehemu akamwambia, "Kaa kwanza, chai inapoa." Alikata roho kitini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Sista. Nililolihofia miaka yote halikutokea, na namshukuru mama huyu mbele yenu nyote.

Leo asubuhi nilikuwa chumbani kwa marehemu nikitafuta tai yake. Nikasikia vitasa vinafunguka, kimoja baada ya kingine, vyote vinne. Sista akaingia anahema, amevaa nguo za msiba na kandambili.

"Pazia, mwanangu," alisema. "Ni saa moja na robo."

Alijua vizuri kwamba baba hayupo. Tulilifungua pamoja, tukalia.

Marehemu ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, kitukuu mmoja, na Sista, mwenye ufunguo.

Baba, lala kwa amani. Leo unaruhusiwa kuchelewa kuamka.