Mwalimu Aliyewalisha Maadui Ukutani

Na Mwl. Abdillah Shumbana, Idara ya Hisabati

Mwalimu Getruda Kemilembe anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mingi kati ya hiyo ikiwa hapa shuleni kwetu Dirma akifundisha Kiswahili. Kamati ya sherehe imeniomba nimwandikie wasifu. Mimi ni mwalimu wa hisabati, lakini wenzangu wa lugha walisema wakiandika watalia.

Alizaliwa Kagera karibu na mpaka, na vita vilipofika huko mwaka 1978 alikuwa bado msichana mdogo. Hapendi sana kuyazungumza hayo. Aliwahi kutuambia wakati wa chai kwamba alimwona askari wa adui jikoni kwao, anakula ndizi alizopika mama yake, anapuliza kila tonge kwa sababu lilikuwa la moto. Tangu siku hiyo, alisema, alishindwa kumchukia vizuri.

Alipohamia hapa alikuta wanafunzi wanakariri riwaya ya vita kama wanavyokariri jedwali la kuzidisha, jambo ambalo mimi sikuona ubaya wake. Yeye aliuona. Akaanza kuwachoresha kila sura waliyoisoma. Rangi walitengeneza wenyewe kwa udongo mwekundu wa Mlima Hanang, masizi ya sufuria na bluu ya kufulia. Kwa kuwa udongo ni ule ule, majeshi yote mawili yalitoka na sura moja, na hakuna aliyelalamika.

Sharti lake lilikuwa moja tu: kabla hujamchora adui akipigana, mchore kwanza akila. Mwaka mmoja mdhibiti ubora wa shule alipitia kazi za kidato cha tatu akauliza vita viko wapi, maana aliona majeshi mawili yakila ugali na mlenda. Mwalimu alimjibu kwa adabu zote kwamba vita vipo, ila hiyo ni saa ya chakula. Ripoti ya ziara ile hatujaiona hadi leo.

Alisimamia pia kwaya, na mradi wa kuku ambao hautajadiliwa hapa.

Kazi yake kubwa ni ukuta wa bwalo, uliochorwa mwaka 2019. Wanafunzi walichora ile sura ambayo wavamizi wanaswaga mifugo ya watu. Wakati huo vijiji viwili vinavyotuletea watoto vilikuwa vimetoka kupigania malisho, na kijana mmoja, Basili, mtoto wa Mzee Sulle, alikuwa ameuawa. Sisi tulidhani riwaya iko mbali na mambo hayo. Lakini mtoto wa huku hajui kuchora ng'ombe tu. Anachora ng'ombe anayemfahamu, na pembe zake na alama yake ya moto. Siku ya kikao cha wazazi, Mzee Sulle alimkuta ng'ombe wake ukutani, katikati ya kundi la wavamizi. Maana yake ilikuwa wazi: kijiji chake kinaitwa kijiji cha wezi. Wazee wa pande zote mbili walipaza sauti, fimbo zikaanza kunyanyuka, na Mkuu wa Shule, Mwalimu Cyprian, akaagiza chokaa ili ukuta ufutwe siku ile ile.

Mwalimu Getruda hakubisha. Aliomba tu Mzee Sulle autazame ukuta wote kabla haujafutwa. Alikuwa anaogopa, na sote tulimwona.

Mzee akatembea taratibu hadi kwenye kona wanakokula maadui. Basili alikuwa amekaa hapo, anakula hindi la kuchoma. Aliyemchora alikuwa Mectilda, binti wa kijiji cha pili. Alipoulizwa, alisema katika maadui wote ni huyo tu aliyewahi kumwona akila. Walikutana mnadani Katesh, na Basili akamkatia nusu ya hindi lake.

Mzee Sulle aliwageukia wenye chokaa akasema, "Ng'ombe mfuteni. Mtoto mwacheni ale."

Ikafanyika hivyo. Chokaa iliyobaki ilipigiwa mistari ya uwanja wa mpira. Tangu hapo Mzee Sulle kila akitoka mnadani hupitia shuleni, hukaa chini ya ukuta ule, na Mwalimu Getruda humpelekea sahani ya makande. Hawaongei sana. Mectilda, ambaye sasa ni muuguzi Dongobesh, akija likizo hufika kumwamkia mzee huyo. Shikamoo yake ya kwanza haikuitikiwa. Ya mwaka uliofuata iliitikiwa.

Wiki iliyopita Mwalimu alikabidhi ofisi. Alinikabidhi brashi, ndoo ya udongo, funguo za kabati, na Mzee Sulle. Nilimkumbusha kwamba mimi ni mtu wa hesabu. Akanijibu kwamba kubeba sahani hakuna mtihani.

Mwalimu Getruda, tunakushukuru sana. Unatuachia pengo na linauma, hatuna sababu ya kulificha. Uwe na afya, uwe na amani, na siku zako za mapumziko ziwe nyingi na njema. Mzee Sulle hatakula peke yake.