Collins Anasimama Nyuma Kabisa

Ijumaa moja ya mwaka 2014, mtaani Najma, Doha, benchi lililo nje ya duka la dobi lilijaa mapema. Faridah wa Mombasa alikuwa amekwisha kumimina kahawa. Owen, mlinzi wa lango moja kule The Pearl, mtaa wa matajiri, alikalia pembe yake, simu mkononi. Mdogo wake, Collins, mchezaji wa besiboli huko Amerika, alikuwa akingoja orodha ya timu. Miaka saba, timu tatu, na mbili zilikwisha kumwacha. Safari hii akiachwa, atakuja Doha kuvaa sare ya ulinzi. Fomu ya kazi ilikuwa tayari mfukoni mwa Owen.

— Kwani Collins anacheza wapi hasa? aliuliza Dominiko, dereva Mganda waliyemwita Amiri.

— Nyuma kabisa, alijibu Arnold, mhudumu wa hoteli, maarufu kwa jina la Profesa. Mpira ukipigwa mbali, yeye ndiye anayeudaka kabla haujagusa nyasi.

— Mbona wamemtupa huko?

— Asiyekuwapo na lake halipo, Amiri!

— We Profesa, hiyo haiingii hapo, alisema Faridah.

— Inaingia! Wazungu wamempima macho. Huyo anaona mpira kabla haujapigwa!

— Ebo! Basi si wangempeleka jeshini akadake makombora? aliuliza Amiri.

— Walitaka! Akakataa! Na kudaka ni hesabu tu, bana. Mpanda ngazi hushuka. Mpira ukipanda, wewe unatulia chini yake, khalas. Hata mimi naweza.

— Wewe? Juzi si uliangusha trei nzima mbele ya wageni?

Benchi likaangua kicheko. Owen hakucheka. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano usiku, na orodha ingetoka saa tatu.

Damaris, muuguzi aliyehamia mtaa huo wiki ile, alishusha kikombe.

— Samahani, ndugu zangu. Kudaka alifundishwa na nani?

Amiri akamtazama Profesa. Profesa akajimiminia kahawa nyingine kutoka birika la Faridah.

Owen alijua. Soko la Busia, yeye juu ya lori la kabichi akirusha, Collins chini, macho juu, miguu ikitangulia. Msimu mzima, hakuna kabichi iliyogusa udongo. Alifungua kinywa aseme, simu ikalia.

— Kaka! Jina langu lipo! Wamenibakiza!

Owen, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, alipanda juu ya benchi.

— Yupo! Jamani, yupo!

Faridah alipiga kigelegele mpaka dobi akatoka nje na pasi mkononi. Owen akaichomoa ile fomu, akaikunjakunja ikawa mpira, akairusha juu, juu kupita kibao cha duka.

— Profesa, daka!

Profesa akatulia chini yake, kama alivyokwisha kueleza. Ikampita katikati ya mikono, ikatumbukia kwenye birika la Faridah lililokuwa wazi, na kahawa ya siku ile ikaishia hapo.