Injini ya Mashua ya Mama Nasma

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mrefu uliolazwa juu ya bloku mbili za injini zilizokufa, mbele ya karakana ya mashine za kusaga pale Chang'ombe, si ile ya Dar es Salaam bali ya huku bara. Tangu masharti ya biashara yalegezwe na mitumba, hadi ya mashine, ianze kumiminika, watu wa ubao ule hawakukosa cha kubishania. Asubuhi hiyo lori kutoka Dar es Salaam lilikuwa limeshusha injini mbili za dizeli, na Shamila, ambaye wote walimwita Mama Nasma, alikaa mwisho wa ubao na kikombe cha kahawa akisubiri kuambiwa achukue ipi. Aliamka saa kumi alfajiri, akapokea samaki, akapeleka watoto shule. Sasa alitaka jibu tu, tena kabla ya saa sita, maana saa sita lori lingeondoka kwenda Singida na injini itakayobaki.

Shida yake ilielezeka. Mashua yake ya tanga pale bwawa la Mtera, iliyoendeshwa na mdogo wake Hasani, ilikusanya perege kutoka kambi za ng'ambo. Asubuhi upepo ulikuwepo. Ikifika saa nne unakatika, tanga linaning'inia kama shuka iliyoanikwa, na samaki wanaharibika katikati ya maji. Mwezi ule alikuwa amemwaga mizigo miwili. Wavuvi walikwishamwambia kwamba akimwaga wa tatu, samaki wao watampa tajiri mwingine.

Makame, aliyeitwa Pipa kwa sababu kila mashine aliyoifunga aliipoza kwa pipa la maji, alikuwa ameshaamua. Achukue ile kubwa, silinda moja, nguvu za farasi kumi na sita, ndugu wa mashine zinazosaga mtama kila kijiji mpaka Kondoa.

— Hiyo ndogo ni ya kusagia karanga, Mama Nasma. Farasi nane. Halafu wameibandika giaboksi nyuma, kitu cha kuharibika tu.

Shamila akauliza kama hiyo ndogo haikutolewa kwenye boti. Makame akakubali kwamba ilitoka kwenye boti, na ndiyo sababu hakuiamini. Mwenye boti aliitoa kwa nini?

Hanifu, aliyeitwa Dubai ingawa mwisho wa safari zake ulikuwa Zanzibar, akaona hata hiyo kubwa ni kujinyima. Angekuwa yeye angefunga mbili, moja kila ubavu, ili moja ikichoka nyingine iiburure mwenziwe. Meshack, karani wa idara ya maji, jina la kijiweni Bajeti, akasema injini mbili ni ufujaji wakati moja inaweza kufanya kazi mbili.

— Mkanda mmoja unazungusha panga la majini, wa pili unazungusha kinu. Unasaga ukitembea. Kambi za kule hazina mashine.

Makame hakucheka. Alichukua msumari akachora mashua mavumbini, pipa la maji hapa, kinu pale, mizani karibu na mlingoti. Hanifu akaongeza kwamba tanga lisitupwe, liwe kivuli cha wateja. Kikombe cha pili hakijaisha, mashua ya Mama Nasma pale mavumbini ilikuwa na foleni ya akina mama na madebe yao.

Shamila aliwaacha waendelee. Kinu hakukitaka, lakini injini kubwa alikuwa karibu kuikubali. Makame ndiye aliyefunga mashine iliyomsagia unga miaka kumi na moja, na haikuwahi kumwangusha. Akainuka kuwaita wapakizi.

Hapo mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja gari la Mvumi, Priska, ambaye alinunua kahawa ili apate pa kukaa, akaomba radhi kwa kuingilia.

— Mimi mashua sijawahi kupanda, jamani. Ikifika ukingoni, hiyo injini inasimamaje?

— Unazima, Makame akasema.

— Mashine ya kusaga ya kwetu ukiizima, inaendelea kuzunguka mpaka mtu amalize kufunga debe lake.

Hanifu akasema nahodha atazima mapema. Priska akauliza, je, akizima mapema mno? Meshack akasema atapiga hendeli upya, kisha akamtazama Makame amsaidie. Makame alikuwa anatazama mchoro wake. Alijua hendeli ile inataka wanaume wawili waliosimama imara juu ya saruji.

Shamila akauona akilini ukingo wa Mtera: mawe, mitumbwi iliyofungwa, wanawake wanafua, watoto wanaoga. Kwa tanga, Hasani huliteremsha tu, mashua ikapoa kabla ya kuwagusa.

— Mzee Makame, tuiwashe hiyo ndogo.

Makame aliiwasha shingo upande. Ilikohoa, ikakohoa tena, ikashika. Makame akasukuma mkono wa giaboksi mbele, ekseli ya nyuma ikazunguka. Akauvuta nyuma, ikazunguka kinyume. Akauacha katikati, ekseli ikasimama huku injini ikiendelea kunguruma taratibu. Akainama kuichungulia.

— Miaka thelathini niko na mashine, Mama Nasma. Hii ndiyo ya kwanza kuiona inapumzika bila kuzimwa.

— Ina bahati kunishinda, Shamila akasema, akaenda kutafuta kamba ya kuifunga kwa safari ya Mtera.