Chupa Tupu za Mama Pascaline

Mheshimiwa mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya ya Dowa. Dokta Mphande, uliyetoka Lilongwe asubuhi hii ukala vumbi letu lote njiani. Waheshimiwa wachungaji na mashehe. Wauguzi wa kliniki yetu. Ndugu zangu wakimbizi na majirani zetu wa Malawi. Na wewe, Mama Pascaline, uliyekalishwa kiti cha mbele huku ukitamani kile cha nyuma: nawasalimu kwa heshima zote. Zikomo kwambiri. Jambo yenu bote.

Naitwa Théophile Lwaboshi, fundi cherehani, mtu wa Bukavu, mgonjwa wa presha. Cheo hicho cha mwisho ndicho kilichonileta mbele yenu. Wenzangu mia moja na themanini, tulioandikwa pamoja katika ule utafiti, walinichagua niseme kwa niaba yao, wakanionya nitumie Kiswahili cha Jumapili, kilichopigwa pasi. Nitajitahidi. Kikikunjana, mnisamehe.

Leo Mama Pascaline anastaafu. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa mkalimani wa kliniki hii ya kambi ya Dzaleka. Ni nani kati yetu ambaye maumivu yake hayakupita kwanza kinywani mwa mama huyu kabla ya kumfikia daktari? Amesema migongo yetu, mimba zetu, vikohozi vyetu na mambo mengine ambayo mbele ya wachungaji sitayataja. Hajawahi kuyabeba kwenda nayo kisimani.

Mwaka 2013 madaktari wa Lilongwe walikuja na swali. Walitaka kujua hivi: mgonjwa wa presha akitembelewa na jirani aliyefundishwa, je, atameza dawa vizuri kuliko yule anayekuja kliniki peke yake? Wakatugawa makundi mawili. Kila mmoja alipewa chupa yenye vidonge thelathini, kidonge kimoja kwa siku, na mwisho wa mwezi turudishe chupa ili wahesabu vilivyobaki. Mama Pascaline alitueleza yote, neno kwa neno, kwa Kiswahili na kwa Kirundi. Tukaelewa. Tukatia sahihi.

Sasa, ndugu zangu, mnajua sisi ni watu wa namna gani. Jirani akikuletea mboga ya sombe kwenye bakuli, bakuli lake utalirudisha hivi hivi? Utatia unga, utatia nyanya mbili, ukikosa kabisa utatia chumvi. Na huyu daktari ametupa chupa, tena amesema wazi kwamba atahesabu kilichobaki. Tungempelekea chupa isiyo na kitu, kama watu wasiolelewa? Basi kila mmoja, kimya kimya nyumbani kwake, alibakiza kidogo. Mimi nilikuwa nabakiza vitano. Niliona vitano ni heshima ya kutosha.

Huko Lilongwe, Area 47, kwenye ofisi ya utafiti, hesabu zikawa mbaya. Chupa za Dzaleka, za kundi hili na za kundi lile, zote zilirudi na vidonge vitano, sita, hata saba. Ikaandikwa kwamba wakimbizi hawamezi dawa. Wengine walinong'ona kwamba tunaziuza. Barua ikatayarishwa: baada ya mwezi wa sita Dzaleka iondolewe katika utafiti. Na utafiti ukiondoka, chupa za kila mwezi zinaondoka nao, na jirani wa kukupima presha mlangoni kwako anaondoka pia. Watu mia moja na themanini. Mama Pascaline alipewa kazi ya kuja kututangazia.

Katika wiki hiyohiyo mimi nilianguka. Ilikuwa tarehe ishirini na nane, katika zile siku zangu za heshima, tano za mwisho nisizomeza. Nilikuwa napinda sketi ya shule, nikaona sindano mbili badala ya moja, kisha sikuona kitu. Waliniamsha nikiwa nimelalia cherehani. Mama Pascaline alikuja akaketi kando yangu, akaniuliza taratibu, "Théophile, ulikunywa dawa?" Nikamjibu, "Nilikunywa, Mama." Nilimdanganya mtu ambaye hajanidanganya hata siku moja. Nimelibeba jambo hilo miaka mitatu na leo naliweka chini mbele yenu nyote.

Aliyetuokoa ni Mzee Amissi, yule pale mwenye kofia. Mzee Amissi ni mtu wa Kindu, mfanyabiashara, naye alikuwa akibakiza kama sisi. Mwezi ule alijisahau, akameza vidonge vyote thelathini. Akaitazama chupa, aibu ikamshika. Alikuwa ametoka Madisi kununua karanga. Mnaona ninakoelekea. Msicheke bado.

Chupa yake ilipofunguliwa pale kliniki, zilimwagika karanga kumi na mbili, zimekaangwa vizuri, zina chumvi. Muuguzi akakasirika. Mama Pascaline akamuuliza mzee, na mzee akajibu, nanukuu maneno yake: "Mama, miye nilimaliza yote. Chupa ikabakia bila kitu. Njo nikasema, chombo ya bantu hairudishwaka hivi hivi."

Wanasema Mama Pascaline alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakaa kwenye benchi, na kicheko kikageuka machozi. Alikuwa ameelewa habari ya chupa mia moja na themanini kwa mara moja.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Barua ilikuwa imeshaandikwa, na lawama ilikuwa imeshatua juu yetu. Maana kusema kweli kulikuwa ni kukiri kwamba maelezo yake mwenyewe yalipungua, na mkalimani ambaye maelezo yake yamepungua anabaki na kazi gani? Hata hivyo alipanda kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabara kuu, akapanda minibasi hadi Lilongwe, akaingia ofisini bila miadi, akaweka ile chupa mezani. Dokta Mphande alikuwapo, ndiye aliyenisimulia. Mama alisema, "Hawa bantu si wabishi, Dokta. Banawaheshimu. Kosa ni yangu mimi: niliwafasiria maneno, nikasahau kuwaambia kama chupa tupu ndiyo inawafurahisha ninyi." Dokta alikula karanga moja, akaichana barua.

Mama Pascaline alirudi hapa, akapita nyumba kwa nyumba, mwezi mzima, akisema jambo moja: zawadi anayoitaka daktari ni chupa tupu. Utafiti ukaanza upya. Wengi walikwenda kwake kuungama. Mimi sikuenda, niliona haya, lakini nikameza.

Mwaka 2015 palikuwa na mkutano mkubwa Lilongwe. Madaktari wa macho walisimama na utafiti wao, wa malaria ya watoto na wao, wa mifupa, wa kifua kikuu, wa akina mama wanaojifungua. Nasi tulikuwa tumeketi nyuma, Mama Pascaline, Mzee Amissi na mimi, katika makoti niliyoyashona mwenyewe. Akasimama Dokta Mphande, akasema: wanaotembelewa na jirani, presha yao imeshuka zaidi, na hilo tumelijua kutoka Dzaleka. Watu wakapiga makofi. Ndugu zangu, jina la kambi yetu, kambi iliyokuwa gereza, jina ambalo tumezoea kulisikia pamoja na njaa na foleni, lilitajwa kama mahali palipofundisha madaktari kitu. Nililia, na sioni aibu kusema. Mzee Amissi atawaambia alikuwa na mafua. Msimwamini.

Mama Pascaline, tunajivunia wewe kupita kiasi. Ulituambia kosa ni lako, na mimi nilikuwa nayo siri yangu nikaiacha ukaibeba wewe. Haikuwa haki. Leo nasema mbele ya watu: vile vitano vilikuwa vyangu.

Nawashukuru nyote kwa kuniazima masikio yenu muda mrefu kuliko nilioruhusiwa. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Limebaki jambo moja dogo. Wenzangu walichanga kitenge, sufuria na kiti cha kupumzikia, utavikuta nyumbani. Mimi nimekuja na changu mfukoni. Ni chupa ya mwezi uliopita, yenye jina langu. Nyoosha mkono, Mama, uitikise mwenyewe.

Haina kitu.