Mnanaa Kwenye Mtambo wa Keturah

Ndugu na majirani wa Mitcham mliokuja kumsindikiza Keturah Whitbourne, historia yake inasomwa na dada yake mkubwa, Hepzibah, aliyemwonea wivu tangu siku alipozaliwa, tarehe 3 Machi 1821, mtoto wa pili wa Bwana na Bibi Penfold, wachumaji wa lavenda.

Alisoma shule ya kanisa hadi mwaka 1832, akaingia kiwanda cha Bwana Tully, wanakochemsha lavenda na mnanaa kutoa mafuta ya manukato, na huko ikajulikana kwamba ana pua ya ajabu, akinusa chupa anakutajia shamba, ilhali Hepzibah, aliyemtangulia kazini kwa miaka mitatu, alibaki kuosha mitambo na kujaza chupa za siki ya kunusisha mabibi wanaozimia. Jamani, iliuma.

Tarehe 14 Oktoba 1845 alifunga ndoa na Silas Whitbourne, mchochea moto wa kiwandani, ambaye Hepzibah alikuwa amempenda miaka miwili bila kuthubutu kusema, wakajaliwa watoto wawili, Lydia na Enoch.

Agosti 1851 alikabidhiwa mtambo wake mwenyewe, mafuta ya kwanza yakisubiriwa na mnunuzi kutoka London, na Hepzibah, aliyepaswa kuuosha baada ya mnanaa, akauacha hivyo hivyo, makusudi, lavenda ikatoka inanuka mnanaa, mnunuzi akapanda farasi wake akaondoka, Bwana Tully akafoka, "Sasa hiyo pua yako ni ya kazi gani?" naye marehemu akajibu, "Imeniponza, bwana, kosa ni langu," akafukuzwa, akarudi kuchuma maua mashambani kwa miaka kumi na saba.

Aliugua kifua Septemba mwaka huu, na tarehe 8 Novemba 1868, siku moja kabla ya kufariki, alimshika dada yake mkono, akasema, "Dada, nilipofunua tu mtambo, mnanaa ulinipiga puani, hata moto haujawashwa, na mnunuzi keshafika, nafasi ya kuuosha upya hakuna. Ningesema, wangekufukuza wewe, na wewe huna mume wa kukulisha." Wanasema mkubwa ni jalala, kumbe taka zote alibeba mdogo. Hata kwa wema alimshinda.

Familia inamshukuru Daktari Harbottle, majirani waliopokezana kumwuguza, na wachumaji wenzake wote. Lala salama, Keturah. Nimekuonea wivu miaka arobaini na saba, na leo sina wa kumwonea tena.